Wimbo Niliomtungia Muosha Pikipiki

Wa kwanza kufa hawakuwa samaki. Walikuwa kamba, wale wadogo wa mtoni ambao hata ukiwakaanga wote hawajazi sahani moja. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa daraja, viatu mkononi, nikichelewa shule kwa makusudi kwa sababu kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu. Nikawaona wanakuja kutoka juu, chali, miguu imeelekea mbinguni, wanapita chini ya nyayo zangu mmoja mmoja. Sikushtuka. Na miye huwa hivyo hivyo kwenye hesabu.

Kufika saa nne, wakati wa mapumziko, habari ilikuwa imeshaenea. Perege wanaelea. Kambare wanajipindapinda juu ya maji kama wanatekenywa. Hata mikizi, kule chini mto unapoingia kwenye mikoko, wamelala ubavu. Tulipofika, jirani yetu mmoja alikuwa ameshajaza ndoo, na anamueleza kila anayepita kuwa samaki hachinjwi, mfu wake halali. Mwalimu wetu wa baiolojia akamwambia kwa adabu kuwa halali haizuii tumbo kuuma. Yule bwana akaitazama ndoo, akamtazama mwalimu, akamwaga nusu. Nusu nyengine alikwenda nayo, kwa tahadhari.

Mto wetu si wa kujivunia. Ukiwa na miguu mirefu na hukuvaa baibui unauruka. Unaanzia kwenye chemchemi juu kwenye mikarafuu, unashuka kwenye bonde la mpunga, unapita chini ya daraja la barabara ya lami, unamalizikia kwenye mikoko. Lakini nyumba nyingi za kwetu siku isiyokuwa na pesa ya samaki wa bahari hutegemea humo. Kwa hiyo siku ile watu hawakucheka, isipokuwa mimi, na mimi hucheka hata hitimani.

Mwalimu alikuwa kijana, mgeni kutoka Chake, na ndiye aliyetuanzishia klabu ya mazingira. Nilijiunga kwa sababu wanaklabu walisamehewa kufagia. Akatugawia chupa tupu za maji ya dukani, akatupanga: hawa wachote juu, kabla maji hayajafika darajani, hawa hapo darajani, hawa chini karibu na mikoko. Tuandike tumeona nini, kipi kimekufa, kipi kiko hai. Mimi nilipangiwa darajani. Kabla hatujatawanyika akasema neno moja ambalo nililiandika daftarini kwa hati nzuri na sikulifuata hata kidogo. Alisema, "Hatutafuti mtu. Tunatafuta kitu."

Sasa lazima nieleze kuhusu ng'ombe, maana bila ng'ombe hadithi hii haitembei.

Pemba tuna mchezo wa ng'ombe. Fahali hufungwa kwa kamba ndefu uwanjani, vijana humchezea kwa kitambaa, naye huwakimbiza mpaka wanapanda miti ambayo kwa akili zao timamu wasingeipanda. Hauawi, akimaliza anarudi bandani kwake kula majani kama mstaafu. Vijiji hushindana kwa mafahali, na wanawake na wasichana hushindana kwa nyimbo za kejeli. Mmoja anatoa, wengine wanapokea. Kwa miaka miwili hii mtoaji wa kijiji chetu ni mimi. Sauti yangu ni ya kawaida. Ila maneno yangu, nikimtungia mtu, humganda kama utomvu wa fenesi.

Fahali wa kijiji anatunzwa na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye nyumba yake na yetu zinachangia uwa. Huyo fahali ana jina, lakini sitaliandika. Ana wapenzi wengi kuliko mimi na sitaki kumuongezea. Matunzo yake kabla ya mchezo ni siri. Anakula nini, anakunywa wapi, anaogeshwa na nani, haambiwi mtu, kwa kuogopa hasad ya vijiji vyengine. Mjomba angeweza kukwambia deni lake na umri wa kweli wa mkewe. Mahali anapomuogesha ng'ombe, hakwambii hata ukimlaza juu ya siafu.

Jioni ya siku ile ya samaki, mjomba alikuja kukaa barazani kwetu. Akaniuliza tumegundua nini. Jambo hilo lilinifurahisha, maana kwa kawaida akiniuliza kitu huwa ni wapi nilikoweka chaja yake. Nikamueleza habari za chupa na kambare. Akasikiliza, anachokoa meno, kisha akasema, "Weye una macho. Pale darajani kuna nini ambacho mwaka jana hakikuwepo?"

Nikafikiri. Kilichokuwepo ni muosha pikipiki. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Kisiwa Panza, alikuja baada ya Idi na mashine ndogo ya kuvuta maji, mpira mrefu, na sabuni ya unga. Aliandika kwa rangi nyekundu kwenye ubao bei na namba yake ya simu. Anaosha pikipiki na vespa, povu linashuka mtoni jeupe kama ndevu za shehe.

"Miye sijasema kitu," mjomba akasema. "Nimekuuliza tu." Akaongeza kuwa watu wakisema husahauliwa, ila wimbo wangu mimi hausahauliki, na kuwa kipaji kama changu hakupewa kila mtoto.

Nina miaka kumi na sita. Sijawahi kusifiwa na mjomba hata siku niliyozaliwa. Mama anasema alipochungulia aliuliza kama nitapata nywele. Usiku ule ule nilikuwa nimeshautunga, nikauimba jikoni mama akikuna nazi:

*Muosha pikipiki,*
*kawaosha na samaki,*
*povu limewalevya,*
*wamelala hawaamki.*

Mama hakucheka. Nilidhani amechoka. Mchana ule alikuwa ametupa shimoni perege watatu alioletewa na yule jirani wa ndoo, akawafukia, kabla mwalimu hajasema neno sumu mbele ya mtu yeyote. Hilo nalo nililiona na sikulifikiria. Mpelelezi mzima, macho mawili, akili likizo.

Wimbo ulikwenda wenyewe. Asubuhi nilifundisha wasichana wanne njiani, mchana ulikuwa madrasa, jioni dereva mmoja wa boda alikuwa anaupigia honi. Siku ya pili mtu alipaka tope ubao wa yule mtu wa Panza. Siku ya tatu watoto wa msingi walipanga mstari darajani wakamuimbia ubeti mzima, wakapiga na makofi. Alikuwa na pikipiki moja tu ya kuosha. Akaiosha polepole kabisa, hakuinua kichwa. Mimi nilikuwa pale, nikisahihisha mapigo.

Ikafika kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini. Aliitisha kikao, sisi watoto tukajazana dirishani. Yule mtu alisimama na kofia yake mkononi. Alisema yeye ametoka Panza, amezaliwa juu ya samaki, na kama sabuni yake ingekuwa inaua basi wangekufa kuanzia pale inapoingia kwenda chini. Hawa wamemfikia wameshakufa, wametoka juu. Alilisema vizuri, kwa mpango, kama mtu aliyekaa siku tatu analipanga. Sheha akaacha kuandika, na hapo pangeweza kugeuka kitu. Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kuuvuma wimbo puani. Kicheko kikapita chumba kizima. Sheha mwenyewe alifunika mdomo kwa karatasi. Akampa wiki moja ahame darajani.

Nilicheka mpaka nikashikilia nondo za dirisha. Naliandika hili kwa sababu lilitokea.

Kesho yake mwalimu aliniita maabara, ambayo kwetu ni chumba chenye meza mbili na mifupa ya kuku. Hakunikemea. Alizipanga chupa zetu mezani kwa mstari, na mbele ya kila chupa akaweka karatasi ya kundi lake. Akaniambia nisome. Kundi la juu, mto unakotoka, lilikuwa limeandika: kamba wengi wamekufa, wadudu wa majini wamekufa, perege wamekufa, vyura wazima. Tarehe ile ile, saa ile ile. Halafu akaniuliza mimi asubuhi ile nilikuwa wapi wakati napaswa kuwa darasani, maana kuna mtu aliniona nimekaa darajani.

Nikasema ndiyo, nilikuwepo.

"Ulikuwa umeelekea wapi?"

Nilikuwa nimeelekea juu, mto unakotoka. Kamba waliletwa na maji mpaka chini ya nyayo zangu wakiwa chali, na muosha pikipiki alikuwa hajafika hata kufungua mashine yake. Ushahidi ulinipita miguuni nikaona kichekesho.

Mwalimu akasema kama maji yangekosa hewa wangeanza kufa samaki wakubwa, wakitweta juu. Hapa wameanza wenye maganda na wadudu. Kitu kinachoua wadudu. Jumamosi tutapanda juu tukaangalie.

Tulikwenda wanne: mwalimu, mimi, na wavulana wawili wa darasani kwangu, wote wa kijijini. Tulipita bonde la mpunga, tukapanda kwenye mikarafuu mpaka karibu na chemchemi. Nilikuwa nachekesha njia nzima. Wavulana hawakuitikia kichekesho hata kimoja, na hao ni watu wanaocheka mtu akipiga chafya.

Pale juu mto ni mwembamba kama mkono. Na pale palikuwa na migomba imekatwa, mashina matano, yamelazwa kukatisha maji na kusiribwa udongo. Katikati pamevunjwa. Mtu alikuwa ameziba mto akafanya ziwa dogo la kufika kiunoni, kisha akamaliza shughuli yake, akalifungua. Udongo ulikuwa umejaa nyayo za kwato, kubwa, za mnyama mzito, zimeingia na kutoka mahali pamoja. Pembeni, kwenye tope lililokauka, kamba walikuwa wametapakaa wekundu kama waliochemshwa.

Mwalimu alichuchumaa muda mrefu. Akauliza nani huku juu anafuga ng'ombe. Wavulana wakatazama vidole vyao vya miguu. Mimi nikamjibu kwa kujiamini kabisa kuwa labda ni watu wa bonde la pili, wale hawana adabu na mto. Mmoja wa wale wavulana aliniangalia wakati huo, akanionea huruma. Ndiyo, huruma. Nilidhani ana jua machoni.

Nilirudi nyumbani mchana. Mjomba hakuwepo, banda lilikuwa wazi. Sijui kama nilikwenda kutafuta au nilikwenda kuhakikisha kuwa hakuna. Fahali alinitazama kama mtu anayejua siri yako. Alikuwa anang'aa, ngozi yake laini, hata masikioni hana kupe mmoja. Nyuma ya gunia la pumba palikuwa na chupa ya lita moja ya dawa ya kupe, tupu. Maelezo yake yanasema utie kijiko kidogo kwenye ndoo, umpulizie mnyama. Chini yake kuna picha ya samaki amekatwa msalaba mwekundu. Hata asiyejua kusoma angeielewa.

Lakini ndoo ina mipaka yake, na mchezo uko karibu, na fahali wa kijiji hapuliziwi hadharani watu wakahesabu mbavu zake. Kwa hiyo walimtengenezea josho lake la siri kwenye chemchemi, wakamimina chupa nzima, wakamzamisha alfajiri, wakafungua maji. Josho zuri, la heshima, lenye kumwaga sumu kwenye kitoweo cha kijiji kizima.

Mjomba alinikuta nimekaa kwenye gunia, chupa mapajani. Nilimuamkia. Akaitika.

"Mjomba, hii yote ilikwenda kwa ng'ombe mmoja?"

"Kupe wa mwaka huu wakaidi."

"Na samaki?"

"Samaki watazaa. Mchezo ni wiki ijayo."

"Na yule mtu wa Panza?"

Akaanza kumtilia fahali majani. "Yule ana kwao," akasema.

Nikamuuliza kwa nini mimi, kwa nini hakumsema yule mtu yeye mwenyewe. Hakuona aibu kunijibu, na ndiyo maana nalikumbuka neno kwa neno. Alisema, "Ningesema miye, watu wangeuliza mbona nasema. Weye hakuna anayekuuliza. Weye wachekesha tu."

Nikatoka na chupa. Uwani mama alikuwa anaanua nguo. Aliona nilichoshika, na hakuniuliza nimekipata wapi. Aliniambia nikirudishe, na nisimletee kaka yake fedheha siku nane kabla ya mchezo. Ndipo nikawakumbuka wale perege watatu shimoni. Nikamuuliza tangu lini anajua. Akasema migomba ile ilitoka shambani kwetu, mimi nilidhani imekatwa na nani? Na akataja wengine, si kwa kunikomesha, kwa kunituliza, kama anayesema usijali hatuko peke yetu: waliomsukuma fahali, waliokesha wakimlinda, mke wa mjomba, wale wavulana wawili ambao kaka zao walikuwepo. Nikawahesabu. Waliokuwa hawajui walikuwa mwalimu, muosha pikipiki, na mimi niliyekuwa natembea na chupa na daftari kijiji kizima nikiuliza, na kila mtu akinijibu kwa uso mkunjufu, akiniombea na mafanikio.

Nilikwenda kwa sheha na chupa ndani ya mfuko wa shule. Nilimueleza yote, bila kichekesho hata kimoja, na sijui kama nimewahi kufanya hivyo maishani. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza nani mwengine ameiona. Kisha akaizungushia gazeti, akaifungia kwenye droo, akasema tutalizungumza baada ya mchezo. Nikamwambia baada ya mchezo yule mtu atakuwa hayupo. Akasema, basi litakuwa jepesi zaidi kulizungumza.

Mwalimu aliandika ripoti, na mimi nikatia saini chini yake kama shahidi. Aliituma wilayani. Mpaka leo haijajibiwa, na mwalimu mkuu amemuomba klabu ishughulikie kupanda miti.

Siku ya mwisho ya yule mtu wa Panza nilikwenda darajani. Alikuwa anakunja mpira, anauzungusha begani. Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakanikimbia isipokuwa yale ya kweli, nikayatoa yakiwa hayana mpango. Kwamba ni ng'ombe. Kwamba ni mjomba wangu. Kwamba wimbo ni wangu.

"Wimbo najua ni wako," akasema. "Wameniambia kwa fahari. Ng'ombe nilikisia." Akaendelea kukunja. Akaniuliza kama nimemwambia sheha, nikasema nimemwambia. Akauliza kasemaje, nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei aliyoitarajia.

Nikamuuliza nimfanyie nini. Alifikiri kweli, hakunikebehi.

"Mwanangu, nina watoto wadogo kuliko weye. Huko Panza wimbo wako umeshafika. Mkubwa wangu kaniuliza kwenye simu kama ni kweli naua samaki. Kama waweza kuuimba, waweza kuuimbua. Uimbue."

Akapakia mashine kwenye gari ya mkaa iliyokuwa inamngoja. Ubao akauacha.

Mchezo ulikuwa Jumapili. Uwanja ulijaa, vijiji vitatu, ngoma na zumari tangu adhuhuri. Fahali alitoka bandani aking'aa kama amepakwa samli, na alicheza siku ile kuliko siku zote. Alimtoa mbio kijana mmoja hadi kwenye kibanda cha urojo. Hata mimi nilitaka kushangilia, mwili unazoea. Mama alikuwa amenifunga leso mpya. Mke wa mjomba alinisukuma mbele kwenye mstari wa wasichana, na mjomba, mwenye kamba mkononi, alinitazama kutoka katikati ya uwanja akanipa ishara ya kidevu: toa.

Kwenye nyimbo za kwetu mtoaji si kitu bila wapokeaji. Unatoa mstari, wenzako wanaubeba, ngoma inaushika. Wasipoupokea umekufa hapo hapo, hata uwe na maneno ya dhahabu. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Nikatoa:

*Fahali kaoga juu,*
*ziwani mwa migomba,*
*dawa ikashuka chini,*
*ikaua hata kamba.*

Ngoma ilikwenda mapigo mawili matatu, kisha mpigaji akaelewa anapigia nini, mkono ukalegea. Wasichana niliokaa nao tangu darasa la kwanza, niliowafundisha wimbo ule mwengine kwa mkono wangu, walikuwa wanatazama mbele, midomo imefungwa. Nyuma yangu mama alitaja jina langu kwa sauti ya chini, mara moja.

Bado kulikuwa na mistari miwili. Nikaitoa nayo:

*Mgeni hana makosa,*
*muulizeni mjomba.*

Hakuna aliyepokea. Mwanamke mmoja wa makamo, jirani, mke wa yule bwana wa ndoo, akapiga kofi moja la kuanzia, akatoa kwa sauti yake nzito: muosha pikipiki. Uwanja mzima ukampokea, upande wa kwetu na hata upande wa wageni, maana huko nako ulikuwa umeshafika, na ngoma ikarudi na nguvu zake zote.

Nikaurudia wa kwangu tokea mwanzo, peke yangu, mpaka neno la mwisho. Sikusikika hata na mimi mwenyewe.